Mwethya ya Kiingereza

Ukitaka kumfundisha mtoto wa Ukambani viambishi vya Kiingereza, kwanza weka chaki chini. Tafuta kamba ya katani. Mwite mtoto mmoja mbele, mfunge mikono kwa upole, kisha uandike ubaoni neno "tie". Waulize wenzake amefanywa nini. Watasema amefungwa. Sasa mfungue, na mbele ya neno lile lile uongeze herufi mbili tu: "un". Usieleze kitu. Nyamaza, uwatazame macho. Kuna kitu huwaka pale. Nimekitazama kikiwaka kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata leo, nikiwa sina darasa wala kengele ya kunihimiza, nikifumba macho nakiona.

Ninyi mnaotoka chuoni sasa mtaniambia kwamba siku hizi kuna vitabu vyenye picha za rangi. Najua. Nimeviona, ni vizuri. Lakini kitabu hakifungwi mikono kikafunguliwa.

Kamba ile sikuibuni mimi. Nilifundishwa na Mwalimu Kitonga, mwalimu mkuu wangu wa kwanza, mtu mrefu mwenye kikohozi cha chaki na koti moja la kijivu alilolivaa jua na mvua. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba tuna bahati ambayo Mwingereza hana habari nayo. "Sisi tunasema funga, fungua," aliniambia. "Ziba, zibua. Panga, pangua. Kunja, kunjua. Mwalimu, umeona? Sisi tunafungulia mkiani, wao wanafungulia kichwani. Mnyama ni yule yule. Mwambie mtoto ashike upande ule mwingine tu."

Niliitumia sentensi hiyo mpaka nikastaafu, na kila mara watoto walicheka waliposikia habari ya kichwa na mkia. Mtoto aliyecheka hasahau.

Lakini jihadharini. Mtoto wa Mkamba amezaliwa akijua kwamba mwanzo wa neno ndio usukani wake. "Mundu" ni mtu mmoja, "andu" ni watu wengi, "kindu" ni kitu. Badilisha kichwa, na mwili wote unageuka. Kwa hiyo ukishamwambia kwamba Kiingereza nacho kina vichwa vya namna hiyo, ataanza kuviona kila mahali, hata pasipo na kichwa. Kule Kanyangi, kwenye shule yangu ya kwanza, nilikuwa na mvulana wa darasa la sita aliyeitwa Mutiso, masikio makubwa, ulimi usiojua likizo. Siku moja aliinua mkono.

"Mwalimu, mtu 'unkind' si mkarimu?"

"Si mkarimu."

"Na 'unable' hawezi?"

"Hawezi."

"Basi 'uncle' si cle."

"Cle ni nini, Mutiso?"

"Nafikiri ni baba, mwalimu. Mtu wa kwenu ambaye si baba, huyo ni uncle."

Nilicheka mpaka chaki ikakatika mkononi. Darasa likacheka kwa sababu nimecheka. Mwalimu Kitonga, aliyekuwa akipita nje, akaingiza kichwa dirishani. "Usimcheke," akasema. "Huyo amekosea kwa akili. Anayekosea kwa uvivu mpe kazi. Anayekosea kwa akili mpe njia."

Njia yenyewe ni hii, nanyi muitumie: kata kichwa, uone kama kiwiliwili kinaweza kusimama peke yake. Ukiondoa "un" kwenye "unhappy", "happy" inabaki imesimama. Ukiiondoa kwenye "uncle", kinachobaki kinaanguka chini kama gunia tupu. Kisichosimama peke yake hakikuwa na kiambishi.

Na hata njia hiyo ina shimo lake. Miaka mingi baadaye, nilipohamishiwa Kiboko, kule kwenye barabara kuu ya Mombasa, lori la mafuta liliharibika karibu na uwanja wa shule. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi aliona kivuli kizuri cha lori, akamwuliza mwanafunzi wangu maandishi mekundu ya ubavuni yanasema nini. Mvulana akasoma "inflammable". Akakumbuka somo langu: "invisible" haionekani, "incorrect" si sahihi. Akajibu kwa heshima zote, "Mama, imeandikwa haishiki moto." Mama akasogeza jiko lake kivulini. Mimi nilikuwa darasani, nikatupa jicho nje, nikaona moshi wa mahindi ukipanda ubavuni mwa tangi. Vijana, siku hiyo nilikimbia kama mtu ambaye hajawahi kuwa na magoti. Nilipiga teke jiko likabingirika mpaka barabarani, mahindi huku, makaa kule, na yule mama akanitukana kwa Kikamba kizuri sana ambacho sitakiandika hapa. Kesho yake nilianza somo kwa kuwaambia kwamba kuna "in" inayokana na kuna "in" inayoingiza, na kwamba kitu "inflammable" ni kitu kinachoingia moto bila kubisha hodi. Tangu hapo, kila nilipofundisha "in", nilifundisha zote mbili siku hiyo hiyo. Nusu ya somo ni hatari kuliko kutofundishwa kabisa.

Nimewapeleka Kiboko, na tulikuwa Kanyangi. Turudi, maana huko Kanyangi ndiko nilikokaribia kuipoteza kazi hii kabla sijaianza.

Mimi ni mtu wa vilima vya Kilungu. Kwetu mawingu huja mpaka kwenye paa la nyumba, machungwa hayamalizwi na watoto, na mvua ikichelewa kidogo watu hulalamika kanisani kana kwamba Mungu amekopa kitu. Nilipofika Kanyangi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuta nchi nyingine. Udongo mwekundu, mito ya mchanga mtupu, na watu waliotazama juu mara nyingi kuliko walivyotazamana. Nilikuwa na jozi moja ya viatu na cheti cha kidato cha nne kisichong'aa sana. Sikuwa nimepita chuo cha ualimu. Jina letu rasmi, sisi wa namna hiyo, lilikuwa "untrained teacher". Nilipoingia ofisini, "un" ilitangulia kuingia. Niliibeba kama mbuzi anavyobeba kengele. Hata nikitembea taratibu, inalia.

Mwenye "un" aliweza kuachishwa wakati wowote. Njia ya kuitoa ilikuwa moja: mkaguzi wa shule aje, akae nyuma ya darasa, atazame somo moja, kisha akupendekeze kwenda chuo. Akikataa, unafunga mkoba. Na mimi nilikuwa kifungua mimba. Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo zangu walionisubiri. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimeshaanza kuipenda kazi, penzi lile la kijana linalomfanya aamke kabla ya jogoo akatayarishe kadi za maneno. Niliogopa kunyang'anywa.

Habari zikaja kwamba mkaguzi angefika Alhamisi fulani, mwishoni mwa Oktoba. Nilitayarisha viambishi. Nilikata kadi kutoka kwenye boksi la sabuni, nikaandika kwa kalamu nene, nikasuka kamba mpya ya katani. Alhamisi alfajiri nikaamshwa na kelele juu ya bati. Mvua! Mvua ya kwanza ya msimu, na kubwa. Nilifurahi kijinga, kama mtu wa Kilungu. Nikasema moyoni, mkaguzi atakuta watoto wamechangamka.

Saa ya masomo ilipofika nikaigonga ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu. Hakuja mtu. Nikaigonga tena. Akaja kuku. Nikasimama mlangoni mwa darasa la sita nikitazama madawati yaliyokaa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mwalimu Kitonga hakuwepo. Walimu wengine hawakuwepo. Shule nzima tulikuwa mimi na kuku.

Mkaguzi akafika kwa miguu, suruali imekunjwa, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Landrova yake ilikuwa imebaki ng'ambo ya mto, kwa sababu ule mto wa mchanga ulikuwa sasa mto wa maji. Alikuwa mtu wa mjini, mfupi, mwenye miwani, na hasira zake hazikuwa na makelele. Hizo ndizo mbaya.

"Darasa la sita liko wapi?"

"Sijui, bwana."

"Mwalimu mkuu?"

"Sijui, bwana."

"Sasa wewe unajua nini?"

"Viambishi, bwana."

Hakucheka. Alifuta miwani kwa ncha ya shati. "Nitarudi tarehe kumi na tano ya mwezi ujao," akasema. "Nikikuta madawati matupu tena, utarudi kwenu ukachume machungwa." Akaondoka, nikisikia nyayo zake zikinyonywa na tope.

Nilivua viatu, nikatoka kuwatafuta wanafunzi wangu kwa hasira. Sikwenda mbali. Shamba la kwanza kutoka uwanjani lilikuwa la Mama Wanza, na pale nilimwona Wanza, msichana wangu bora wa Kiingereza, akitembea nyuma ya plau na bakuli la mbegu kiunoni. Kaka yake aliongoza fahali mbele. Mama mwenyewe alishika plau. Wanza alidondosha mahindi mtaroni kwa hatua zilizopimwa, bila kutazama chini, kama mtu anayesali.

"Mwaitu," nikamwambia mama yake, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mwanamke wa umri wa mama zetu, "nimekuja kumchukua Wanza. Mkaguzi amekuta darasa tupu."

Hakusimamisha plau. "Mwalimu, kwenu mvua hunyesha mara ngapi?"

"Mara nyingi, mwaitu."

"Hapa hupita kama mgeni aliyepotea njia. Usipomkaribisha asubuhi, jioni hayupo. Shika mbegu, mwana wakwa. Tuongee tukitembea."

Nikashika mbegu. Mtu mwenye hasira akipewa bakuli la mahindi afanye nini? Tulitembea, nikimweleza juu ya mkaguzi, chuo, "un" ya shingoni, mama yangu Kilungu. Yeye alisikiliza huku akiwakemea fahali. Mwishowe akaniuliza swali moja tu: "Na huyo mtu, akirudi, anataka kuona nini hasa?"

"Watoto wamekaa, mwaitu. Na mimi nikifundisha."

"Basi," akasema, akageuza plau. Kaka yake Wanza aligeuka akatazama mstari wangu, akaangua kicheko. Ulikuwa umepinda kama nyoka aliyekanyagwa.

Mwalimu Kitonga nilimkuta shamba la tatu, koti la kijivu limetundikwa kwenye kichaka, naye kainama. "Nilisahau kukuambia," akasema bila kuinuka. "Hapa, siku ya mvua ya kwanza, usigonge rimu. Unawaaibisha watoto bure."

Siku zilizofuata nilianza kufundisha viambishi kwa njia nyingine. Nilizitupa kadi za boksi la sabuni. Watoto hawa, nilijiambia, wana kila kiambishi cha Kiingereza huko shambani mwao. Unafukia mbegu, hiyo ni "cover". Anakuja kindi kuzifukua, na kindi ndiye mwalimu wa "uncover". Mutiso alicheza kindi vizuri mno. Alifukua punje kwenye bakuli la mchanga kwa pua, darasa likalia kwa kicheko. "Lead" ni kuongoza fahali kwenye mstari. "Mislead" ni nilichozifanyia mbegu siku ile: si kuacha kuziongoza, ni kuziongoza vibaya. Hapo ndipo watu wazima wengi hujikwaa. Hudhani "mis" ni hapana. "Mis" si hapana; ni ndiyo iliyopinda. Nilikuwa na ushahidi, kwa sababu mahindi yaliota, na kila aliyepita njia ya shule aliona mstari mmoja uliokwenda upande, na watoto wakaubatiza mstari wa mwalimu.

Halafu mvua ikakatika.

Ninyi mliokulia mjini mnajua jua kama kitu cha kuanikia nguo. Mimi nililiona likiingia mashambani kama ng'ombe wa wizi. Majani yaliyokuwa ya kijani yakajikunja, yakawa manjano, yakawa karatasi. Mstari wangu uliopinda ulikauka sawa na iliyonyooka. Sokoni watu waliacha kutaniana. Darasani madawati yalijaa, kwa kuwa hapakuwa na kazi nje, na kijinga nikajipa moyo: mkaguzi atawakuta.

Alikuja siku ile ile aliyosema, naye akafuatana na mvua. Ndiyo, vijana. Asubuhi ile ile. Nilisikia bati likianza kupiga kelele, nikakaa kitandani, nikajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba Kanyangi imepata nafasi ya pili, na kwamba mimi nimepoteza yangu. Sikuigonga rimu. Nilikuwa nimejifunza hilo. Nilikunja nguo zangu nikazitia mkobani, nikaenda darasa la sita kuufuta ubao, nisimwachie mwenzangu atakayenifuata uchafu.

Nikiwa nafuta, nikasikia miguu. Wakaingia, mmoja baada ya mwingine, maji yakiwachuruzika, miguu myekundu, mashati ya shule yamegandamana na mbavu. Wanza. Mutiso. Wote. Wakaketi.

"Nani amewaambia mje?" nikauliza. "Leo si siku ya kupanda?"

Wanza akaonyesha mlango kwa kidevu. Mama yake alikuwa amesimama barazani na jembe begani, na nyuma yake wanawake wa mwethya yao.

Lazima niwaeleze kidogo. Mwethya ni majirani wanaolimiana kwa zamu. Leo wote wanaingia shamba la huyu, kesho la yule, na aliyelimiwa hulipa kwa jembe lake mwenyewe zamu za wenzake zikifika. Hulipwi kwa kitu kingine. Wakati wa kupanda, zamu ni kama damu. Mtu anaweza kukuazima mbuzi. Zamu yake siku ya mvua hakuazimi.

"Mwalimu," akasema Mama Wanza, "zamu ya leo ilikuwa yangu. Nimekupa."

"Mwaitu, mimi sina shamba."

"Hawa waliokaa hapo wote wana kazi nyuma ya plau za kwao. Sisi tutasimama mahali pao. Kila mama hapa ameshajua anakwenda kwa nani. Wewe fundisha."

"Na shamba lako?"

Akatazama mvua. "Litangoja."

Halikuwa neno dogo. Nilikwishakaa pale kiasi cha kujua kwamba mvua ile haikuwa na desturi ya kungoja, na kwamba mwanamke yule alikuwa ameweka chakula cha nyumba yake juu ya ubao wangu. Nilitaka kukataa. Mwalimu Kitonga akapita nyuma yao, koti tayari limelowa, akaniambia kwa ukali kidogo, "Ukipewa zamu, mwalimu, hushukuru kwa mdomo. Lima." Wakatawanyika mvuani.

Mkaguzi akaingia na tope lake, viatu mkononi, akasimama mlangoni. Nafikiri alikuwa amejitayarishia hotuba. Akatazama madawati, akatazama ubao, akaenda kukaa nyuma.

Nikafundisha. Nilimfunga mikono mtoto nikamfungua. Mutiso akawa kindi. Nilimfunga mwingine kitambaa cha macho, mwenzake akamwongoza sawasawa mpaka mlangoni, kisha akamwongoza vibaya mpaka ukutani, na kwa kishindo kile hata bati lilicheka. Nilisahau kwamba nyuma kuna mtu anayepima maisha yangu. Hiyo ndiyo dalili pekee ya somo zuri ninayoijua.

Kisha mkaguzi akainuka. "Nataka kuuliza mimi," akasema. Akaandika ubaoni maneno mawili, "plant" na "replant". "Tofauti yake?"

Mikono ikapanda. Akamchagua Wanza. Wanza akasimama, akajibu kwa Kiingereza kama nilivyomfundisha: la pili ni kufanya tena lile la kwanza.

"Vizuri. Keti."

Hakuketi. "Bwana, naomba niongeze kwa Kiswahili."

"Ongeza."

"Tunasema tena, lakini si sawa. Mbegu za kupanda zinatoka kwenye kibuyu cha mbegu. Za kupanda tena zinatoka chunguni. Ni zile tulitaka kupika."

Akaketi. Mimi nilikuwa nimeifundisha "re" wiki nzima kwa kusema tena, tena, tena, kama kasuku. Tangu siku ile, kila nilipoifikia, nilisema: "re" ni mara ya pili ya mtu anayejua mara ya kwanza ilimfanya nini.

Mkaguzi alikwenda dirishani. Kwenye mashamba kulikuwa na wanawake nyuma ya plau, wakidondosha mbegu mahali pa watoto.

"Wale ni wazazi wenu?"

"Ndiyo, bwana," darasa likajibu.

"Kwa nini ninyi hamko nao? Siku ya mvua?" Alikuwa ameulizia mambo yetu, kumbe, tangu aliponiacha na kuku.

Mutiso hakungoja kuchaguliwa. "Leo ni mwethya ya mwalimu, bwana."

"Mwalimu ana shamba hapa?"

"Hana, bwana. Hana hata kuku."

"Basi mwethya ya nini?"

"Ya Kiingereza."

Hapo mtu yule alicheka. Alicheka kidogo, kwa pua, akageuza uso tusimwone vizuri. Alipomaliza akavaa miwani, akaniita barazani.

"Unaongea sana," akaniambia. "Na hukugusa 'dis'. Mtihani unaipenda 'dis'."

"Ndiyo, bwana."

"Chuo kitakurekebisha. Nitakupendekeza." Akaanza kushuka, kisha akageuka. "Lile shamba pale, lisilo na mtu, ni la nani?"

Lilikuwa la Mama Wanza. Peke yake lilikuwa tupu, jeusi kwa maji, limekaa likitungoja.

"Basi unafanya nini hapa unanitazama?" akasema mkaguzi.

Nilirudi darasani nikasema neno moja, nao wakatoka mbio kabla sijalimaliza. Darasa zima la sita lilipanda shamba lile mchana huo, Mwalimu Kitonga kwenye plau, Mutiso akiimba matusi ya kuwahimiza fahali, na mimi na bakuli kiunoni. Mbegu zilizokuwa bakulini zilikuwa kunde na mahindi yaliyokwisha kuchambuliwa kwa ajili ya chungu. Nilizidondosha moja moja, kama mtu anayerudisha kitu cha thamani mahali pake. Safari hii mvua ilikaa. Hawakuvuna mengi, lakini walivuna, na mama yule alipata chake.

Nilikwenda chuo. Nilirudi bila "un". Nilifundisha Kilungu, nikafundisha Kiboko, nikawafunga na kuwafungua mikono watoto ambao sasa wana wajukuu. Kila mwalimu mkuu niliyefanya naye kazi alijua jambo moja juu yangu: mvua ya Novemba ikianza, nitaomba ruhusa, nitapotea, nitarudi na tope chini ya kucha. Niliyepewa zamu nilipaswa kulipa kwa jembe, na hakuna aliyewahi kuniambia deni hilo limekwisha.

Mara ya mwisho nilikwenda nikiwa tayari na mvi. Mama Wanza alikuwa hawezi tena kushika plau. Alikuwa amewekewa kiti ukingoni mwa shamba, shuka mabegani, na Wanza, mama mtu mzima aliyekuja kutoka kwake na watoto wake, ndiye aliyeongoza kazi. Mimi nikachukua bakuli nikafuata mtaro mpaka mwisho, polepole, nikajitahidi. Nikageuka kuutazama mstari wangu kwa fahari kidogo.

Yule mama akautazama pia, kwa muda mrefu, mkono umekinga macho.

"Mwalimu," akasema. "Rudia."

Nikarudia.